Njia ya Kuzunguka Masale

Wayllapata, Peru
28 Aprili 2024

Shangazi Hilaria,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi sijambo. Natumaini wewe na mgongo wako mnaelewana, na kwamba ng'ombe wetu Madamu ameshazaa bila kumpiga mtu teke. Wasalimie wote hapo Kibosho, wa kanisani na wa sokoni. Mdogo wangu Brenda mwambie kitenge chake ndicho kinachoniokoa na baridi ya huku, nakivaa juu ya koti kama bibi harusi.

Ulisema simu inamung'unya maneno sikioni mwako, na kwamba nikitaka kusema nawe niandike kama watu wa zamani. Basi nimeandika. Huku nako mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na ukifika huko juu huna tena pumzi ya kuongea.

Milima yao ni mirefu kuliko nilivyodhani, Shangazi. Sijaona mti wa maana tangu nifike. Ni majani makavu, mawe, kondoo, na nyumba za udongo zilizotawanyika mbalimbali. Wageni wanaokuja huku hawakimbilii kilele. Wanatembea kijiji hadi kijiji, wanalala kwenye nyumba za watu, wanakula kilichopikwa, na mvua ikinyesha hawaendi popote, wanakaa jikoni na kumenya viazi. Mimi miaka yote nimepandisha watu mlimani nikiwaimbia polepole, polepole, huku rohoni nawasukuma kwa sababu kundi jingine liko nyuma linataka kambi. Hapa ndipo nimeanza kujua lile neno nililokuwa nalisema lina maana gani.

Chama cha vijiji kilichonialika kimeniweka kwa mjane mmoja, Mama Saturnina. Anazungumza Kikechua na Kihispania kidogo, mimi nina Kihispania cha kuombea maji, na bado tunacheka jioni nzima. Jikoni kwake wanakimbia simbilisi, wanakula maganda, kisha wao wenyewe wanaliwa. Nilikula. Usimwambie mtu.

Na baba yangu hajambo? Bado nina kinyongo naye, siwezi kukuficha. Nyumba zote kutoka kwetu hadi Marangu zilikubali kupokea wageni wa kutembea. Zote. Aliyekataa ni baba yangu mzazi. Na mgongo wa kilima chetu ulivyo mwembamba, korongo huku na korongo huku, hakuna pa kupita ila katikati ya shamba letu la kihamba, pale kwenye mimea ya masale iliyopandwa juu ya makaburi ya babu na wazee wake. Nilichomwomba ni upana wa mtu mmoja kupita. Akanijibu kwamba hakuna mzungu atakayempiga babu picha akiwa amelala.

Sawa, angekataa tu. Lakini siku naondoka nimebeba begi, alikuwa bandani anamkatia majani ng'ombe aliyeshashiba. Nikasema, "Baba, mimi nakwenda." Uliona mwenyewe, hakugeuka. Hilo ndilo ninalotembea nalo huku juu, na lina uzito kuliko begi.

Nijibu. Anwani ni hiyo hiyo ya juu, barua zinaletwa siku ya gulio.

Mwanao,
Stella


Kibosho
2 Juni 2024

Mwanangu Stella,

Milele amina. Marahaba. Barua yako katekista alinikabidhi baada ya misa mbele ya watu wote, ikabidi stempu izunguke kanisa zima kabla sijaifungua. Mgongo wangu haujambo, unauma siku za mvua tu, na kwa kuwa mvua ya masika mwaka huu imekataa kuondoka, jaza mwenyewe. Njia ya kwenda parokiani ni tope tupu. Juzi gari la padri limenasa pale darajani na wanakwaya ndio walioliinua, alto na soprano.

Madamu amezaa ndama jike, mweupe usoni. Teke pia amepiga, na aliyepigwa ni mimi. Habari za simbilisi niliwasimulia wanawake wa jumuiya, na siku hiyo mtori ulibaki sufuriani. Hukuniambia nisiwaambie hao, ulisema "mtu".

Baba yako yupo. Anakula, analala, anagomba na jirani yetu Wenseslaus kuhusu zamu ya maji kwenye mfereji wa mfongo kama kawaida yake. Kile kibao chako chenye mshale na maneno NJIA YA WAGENI alikibandua siku ile ile uliyoondoka. Sasa ni mlango wa banda la kuku. Mshale unaelekea ndani, na kuku wanautii.

Hakuulizii. Namwambia Stella anakusalimu, anasema "Mm." Namwambia Stella yuko mahali hakuna miti, anasema "Mm." Lakini nikueleze jambo moja. Barua yako niliiacha mezani chini ya bakuli la chumvi. Asubuhi nikaikuta chini ya bakuli la chumvi vile vile, ila ndani yake imekunjwa kinyume, na juu ya bakuli kuna miwani ya baba yako, Sirili. Nimeirudisha miwani mahali pake na sikusema kitu. Wewe nawe usiseme.

Sasa nisikilize. Mimi na yeye ndio tuliobaki tunaojua nani amelala chini ya isale lipi. Wewe ulimwita aje kuona kibao kikiwa kimeshapigiliwa. Sitaongeza neno. Mimi ni dada yake na ni shangazi yako, nikiongeza nitakosana na wote wawili, na nani atanichotea maji?

Jifunike. Usile kila unachopewa.

Shangazi yako,
Hilaria


Wayllapata
7 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na teke, na hongera kwa ndama. Tafadhali msimpe jina kabla sijarudi.

Huku ni msimu wa barafu. Usiku wanatandaza viazi nje vigande, asubuhi tunapanda juu yake na kuvikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yatoke, kisha jua linavikausha. Vinakaa miaka bila kuoza. Najua utakachosema kuhusu chakula kilichokanyagwa. Miguu nilinawa.

Nimetoka safari na Mama Saturnina. Tulipeleka viazi hivyo bondeni kubadilishana na mahindi, kama walivyofanya bibi zake, tukafuatana na wageni watatu na kundi la lama. Lama ni mnyama wa mizigo, ana shingo ndefu, na ananitazama kama mwalimu wa zamu. Habebi kingi. Ukimzidishia anakaa chini, na hata umpige, umbembeleze, umwite majina mazuri, hanyanyuki mpaka upunguze. Gari lingetufikisha siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulitumia zaidi ya wiki, na nilipofika nilitamani tungeanza upya.

Nikwambie kilichonigusa. Kila nyumba tuliyofika, Mama Saturnina hakusema anataka nini. Alikaa chini, akatoa majani matatu ya koka kwenye kitambaa, akayapanga vizuri vidoleni, akampa mwenye nyumba kwa mikono miwili. Wakatafuna. Wakaulizana habari za kondoo, za watoto, za mvua. Mimi nilikuwa natazama jua, nikijua tutachelewa. Baada ya hapo, tena baada ya muda mrefu, ndipo aliposema tunaomba kupita, au tunaomba kulala. Wala hakuna aliyekataa, maana kufikia hapo walikuwa wameshazoea uwepo wetu.

Sehemu moja njia nzuri kabisa ilipita kando ya nyumba ya mzee fulani, lakini sisi tukaiacha, tukateremka hadi kwenye kijito na kupanda tena upande wa pili, safari ya nusu siku, ili kutokea pale pale. Nikamwuliza, "Mama, mbona tusikatize hapo?"

Akasema, "Yule mzee hapendi watu wapite karibu na kaburi la mke wake."

"Na wageni wanakubali kuzungushwa hivyo?"

Akanishangaa. "Si wamekuja kutembea? Watembee."

Njia yote ya kupanda nilikuwa nyumbani, Shangazi. Nilimkumbuka Baba, na nyundo ya kile kibao mkononi mwangu. Mimi niliyezaliwa pale, ninayejua hata mgeni wa kuomba moto huanza kwa hodi, nilimwendea baba yangu na ramani na kibao. Hata habari za ng'ombe sikumwuliza.

Ndiyo maana nakuomba kitu. Nenda kakate jani la isale, lifunge fundo, umpelekee Baba kwa niaba yangu. Mwambie Stella anaomba radhi. Mila naijua, isale likishapokelewa hakuna kukataa. Atanisamehe, na habari ya njia itakwisha yenyewe.

Nakuamini wewe tu.

Stella


Kibosho
25 Agosti 2024

Stella,

Marahaba. Huku tuko salama, kahawa zimeanza kuiva, ndama anakua na bado anaitwa "wewe". Brenda amepata mchumba wa Mabogini, mwenye majaruba ya mpunga, kwa hiyo sasa tunaletewa mchele na dharau.

Kuhusu isale, nimekataa.

Kaa chini usome vizuri, maana nimekasirika na ninaandika polepole ili nisikutukane. Isale ni la mtu aliyekosa anayetaka msamaha. Wazee wetu walipatana kwa jani hilo hata pale damu ilipomwagika. Aliyekosewa akiletewa, hana ruhusa ya kukataa. Sasa wewe umeweka msamaha na njia ndani ya jani moja. Sirili akilipokea, ataachia njia kwa sababu ya mila, na donge litamkaa kooni hadi siku tutakayomzika jirani na masale hayo hayo. Huko si kumwomba mtu radhi, Stella. Huko ni kumkaba. Kibao kilibanduliwa, sasa unataka kupigilia kingine laini.

Halafu isale la baba mzazi halipiti posta, wala halipiti mkononi mwangu. Mjumbe hutumwa na mtu anayeogopa kukatwa panga. Wewe hukatwi. Wewe miguu unayo, tena unajisifu kwa miguu hiyo barua nzima. Ukitaka kumpa isale, lete mwenyewe, na usidai chochote mkononi mwake.

Basi, nimemaliza hasira. Ile habari ya Mama Saturnina kukaa kwanza na kutoa majani imenipendeza sana. Huyo mama angeolewa Kibosho asingepata shida. Na huyo lama wako ana ndugu yake hapa nyumbani, mwenye miwani.

Ndugu huyo ana mambo mapya. Barua yako ilipofika tu, miwani ikatembea tena usiku, na kuanzia Jumatatu akawa anatoka asubuhi na panga na jembe, anarudi na tope hadi magotini. Nikamwuliza unalima wapi, akasema, "Nalima, kwani mimi si mkulima?" Nikamfuata siku moja, akaniona, akageuka akaenda kukata majani. Mgongo wangu hauniruhusu kupeleleza kwenye makorongo, kwa hiyo nimemwachia siri yake. Sasa hivi amepumzika kidogo.

Tiketi yako ilisema Oktoba. Kwenye barua hii hukutaja Oktoba hata mara moja. Nimeisoma mara mbili nikitafuta.

Shangazi yako anayekupenda hata akigomba,
Hilaria


Wayllapata
26 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama gulioni, kisha nikaenda kukaa nyuma ya ukuta nikalia. Usijali, kilikuwa kilio cha haki. Umenichapa bila kunigusa, na kila fimbo ilikuwa mahali pake. Hongera kwa Brenda. Mwambie asimpikie huyo mchumba kiburu, ndizi zetu na maharage, kabla ya ndoa, atachanganya mambo.

Umeuliza Oktoba. Ni kweli niliiruka. Chama kimeniomba nibaki mwaka mwingine, niongozane na wageni wanaokuja kutoka pande za kwetu Afrika. Wanangoja jibu langu kabla ya Krismasi. Hadi hapo nitawasaidia msimu wa kupanda, tiketi wanaweza kuisogeza. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukiuliza "unataka?" nitashindwa kukudanganya.

Nataka, Shangazi. Na sitaki. Huku natembea vizuri, nalala vizuri, na asubuhi nikisema nakwenda, watu wote wanatoka nje kuniaga, hata watoto, hata yule lama mwenye kiburi anageuza shingo. Nikifikiria kurudi namwona Baba bandani, mgongo wake tu. Nikirudi njia imekufa, ni kupandisha tena watu mlimani mbiombio huku nikiwaimbia polepole, na jioni kula chakula meza moja na mtu anayesema "Mm". Siogopi kukataliwa njia tena. Njia nimeshaiachia, nakuapia, na ukitaka mwambie. Naogopa kufika na begi langu halafu asigeuke.

Na sasa mimi nikuulize. Umeandika "amepumzika kidogo." Shangazi, miaka yangu yote sijakusikia ukimtaja Baba na neno kupumzika kwa pamoja. Mtu aliyekwenda shambani siku ya mazishi ya dada yenu kwa sababu migomba ilikuwa imelala, huyo anapumzika? Kuna nini?

Niambie kweli, hata kama ni mbaya.

Stella


Kibosho
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Leo ni Jumapili, watu wametoka makaburini kuombea marehemu wiki hii yote, na mimi nimekaa barazani na karatasi. Vuli imeanza vizuri. Tuko wazima, na neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Baba yako alianguka mwezi wa nane, siku chache kabla sijakuandikia. Aliteleza korongoni, mguu ukavunjika juu ya kifundo. Alikataa nikwambie. Alisema, "Ukimwambia atarudi kwa ajili ya mguu." Nikamwuliza ulitaka arudi kwa ajili ya nini basi, akajifunika blanketi. Mguu ulifungwa hogo la plasta, limeshaondolewa, anatembelea fimbo na kumlaumu daktari. Nisamehe kwa kukuficha. Nilibanwa na kaka yangu, na kumuona mzee yule amelala kitandani kwa amri ya mtu mwingine kuliniondolea ubishi wote.

Sasa ujue alichokuwa anafanya huko korongoni.

Alipovunjika, siri ilivunjika naye, maana ilibidi Wenseslaus na vijana wakamtoe, na walipokuta alipoanguka walikuta njia. Njia, Stella. Inaanzia chini ya mpaka wetu, inaacha kabisa upande wa masale, inateremka korongoni ikifuata mfongo, inavuka maji kwenye mawe aliyoyapanga mwenyewe, kisha inapanda kwa ngazi za udongo alizozikingia magogo, hadi inatokea huku juu nyuma ya banda. Alikuwa amefikia ngazi za katikati. Peke yake, kwa umri ule, na jembe.

Nilimkaripia mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia ni njia gani hii ya kipumbavu, mtu anashuka shimoni na kupanda tena ili atokee pale pale alipokuwa? Akanijibu huku amelala, macho juu ya dari, "Si wamekuja kutembea? Watembee."

Nikajua miwani ilikuwa imefika hadi ukurasa ule.

Siku aliyoweza kukaa, aliomba kigoda chake kipelekwe ukingoni mwa korongo. Akawa anakaa pale na mguu wake mweupe umenyooshwa, anawasimamia vijana, akina Primus na wenzake. "Ngazi hiyo ni ndefu, kuna wamama." "Hapo pana utelezi, weka jiwe." Hata Wenseslaus alikuja na sururu, wakagombana kuhusu mfongo huku wanafanya kazi, na nadhani wote wawili walifurahi. Kando ya njia amepanda masale machanga, upande huu na upande huu, ili mgeni ajue anapita kwa watu na asiache mstari. Juzi nilipita mwenyewe. Nilipumzika njiani mara nyingi, nikasikia maji chini na ndege juu, na nilipotokea nyuma ya banda nilikuwa nimesahau kilichokuwa kinaniudhi asubuhi. Sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Kuku wamepata mlango mpya. Kibao chako kimepigiliwa chini kule, mwanzo wa njia. Mshale kaugeuza.

Jina la ndama nalo, kila mtu anapendekeza, Sirili anasema jina linangoja mwenyewe.

Barua yako ya Septemba niliiacha chini ya bakuli la chumvi. Ile sehemu uliyosema unaogopa asigeuke, karatasi ilikuwa imelowa na kukauka. Inawezekana ni chumvi.

Nilipofika mstari huu wa barua, alikuja na fimbo yake. Sikumwita. Akaweka jani la isale mezani, limefungwa fundo, akasema, "Tia humo." Nikamwambia, Sirili, mzazi hampelekei mtoto isale, haijawahi kutokea katika ukoo huu. Akasema, "Nilimgeuzia mgongo mtoto anayesafiri. Hilo nalo lilikuwa halijawahi kutokea." Nikamwambia tena kwamba mwezi wa nane tu nilimwandikia Stella isale halipiti posta. Akasema, "Basi mwambie ni jani tu." Akaondoka.

Mimi nimeliweka kama nilivyolikuta. Fundo ni lake, amelifunga mwenyewe. Hakusema urudi. Hakusema chochote juu ya mwaka wako mwingine. Na mimi sisemi, ingawa unaniona ninavyouma kalamu.

Shangazi yako,
Hilaria


Pasua, Moshi
21 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usihangaike kutafuta stempu, haipo. Barua hii nimempa Godbless, yule baba anayeshusha maziwa mjini na kurudi huko juu na madumu matupu, kwa hiyo utaisoma kabla ya chakula cha mchana. Nimefika jana usiku, nimelala hapa Pasua kwa rafiki yangu Ruth. Mji umejaa watu wa kwetu wanaorudi Krismasi, kila mtu na mizigo yake, na mlima umejitokeza asubuhi hii wote bila wingu.

Bahasha yako ilinikuta mwanzoni mwa mwezi. Mama Saturnina aliona jani, akauliza ni la nini. Nikamweleza kwa Kihispania changu kibovu. Akalishika kwa mikono miwili, akalipuliza kidogo kuelekea mlimani kama anavyofanya na majani yake ya koka, akanirudishia, kisha akaanza kunifungia nguo bila kuuliza lolote. Asubuhi yake nikawajibu chama kwamba narudi nyumbani. Walinielewa. Wameniambia wakipata mtu wa kutembea kwetu watamleta.

Kesho asubuhi nakuja. Tafadhali usimtume mtu kunipokea barabarani. Nitashukia chini, kwenye mpaka, pale penye kibao, na nitapita njia ya kuzunguka kama mgeni mwingine yeyote. Nitateremka na begi langu, nitavuka kwenye mawe yake, nitapanda ngazi zake zote, na nitapumzika pale ulipopumzika. Sitaharakisha.

Wewe mwambie Baba akae kwenye kigoda chake ukingoni, atazame upande wowote anaotaka. Nikifika ngazi za juu nitapiga hodi. Akiitikia, nitakaa chini kwanza. Nitamwuliza habari za mguu, na za Madamu, na za ndama ambaye ameshafikiriwa jina tangu Peru. Tena nitamwuliza habari za Wenseslaus na maji ya mfongo, na hapo najua tutakaa sana.

Jani lake ninalo. Limekauka, lakini fundo halijalegea. Nimelibeba ndani ya kitenge cha Brenda njia nzima, na mimi sitaki chochote mkononi mwake, Shangazi, naapa. Ulisema lazima lije kwa miguu. Linakuja.

Mwanenu,
Stella